Kimya cha Mengineyo

Dada Anjela,

Shikamoo. Nimeiandika, halafu nikangoja uitikie.

Tangu tukuzike, kiti chako hakikaliwi, hata na wageni. Wanunuzi binafsi wamefika hadi Mwika, kahawa inayoletwa kwetu kwenye chama cha ushirika inapungua, na kila siku tunasikia makarani watapunguzwa. Mimi nainamia mihtasari yangu ya vikao, nisionekane.

Amekuja mwalimu wa chuo kikuu anayetafiti jinsi watu wanavyozungumza vikaoni. Anaweka redio ya kaseti mezani, kisha anaandika yote, hata kikohozi cha meneja. Juzi aliniita nimsaidie kutambua sauti za wasemaji. Akanisikilizisha pale meneja anapotaja kipengele cha mwisho, mengineyo. Kimya. Akaweka kaseti ya kikao kingine. Mengineyo, kimya kilekile. Akauliza kwa upole, "Hapa huwa mnamsubiri nani?"

Nilitoka nikasimama nyuma ya ghala mpaka macho yakakauka.

Hapo ndipo ulipokuwa ukivua miwani na kusema, "Nina neno dogo." Halikuwa dogo hata siku moja. Na mara nyingi lilikuwa langu, nimekunong'oneza wakati wa chai. Tukitoka unanitania: "Deo, umesoma mpaka kidato cha sita, mdomo umeuacha shuleni?" Natamani unitanie tena. Hata mbele ya watu.

Jana meneja alipendekeza kituo cha kupokelea kahawa kule kwenu Mwika kifungwe. Hakuna aliyepinga. Nikawaza akina mama wanaoshuka na magunia kichwani, mama yako akiwa mmoja wao. Yakafika mengineyo. Kimya. Kaseti inazunguka. Nikashika ukingo wa meza, nikasema, "Nina neno dogo."

Meneja alitazama kiti chako kwanza, ndipo akanitazama mimi.

Nililimaliza, Dada: kituo kisifungwe. Uamuzi umeahirishwa hadi kikao kijacho. Mzee Temba, tarishi wetu, alinikuta mlangoni akacheka: "Leo umekunywa chai ya Anjela?" Huenda jina langu litakuwa la kwanza kwenye kupunguzwa. Naogopa, sikufichi.

Krismasi nitapanda hadi kihambani, shamba la ukoo wenu, nipalilie kaburi lako, nimweleze mama tulipofikia. Kiti chako sitakikalia. Ila kikao kijacho nitasema tena, hata sauti ikitetemeka.

Lala, Dada. Mengineyo niachie mimi.

Mdogo wako,
Deo