Thelathini na Saba ya Binti Yako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Natumai unafuata masharti ya daktari wala hunyanyui ndoo kwa siri, maana nakujua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na watoto kazi yao ni kula na kukua.

Habari kubwa ni ya shuleni. Mwalimu mkuu ameleta utaratibu mpya wa alama: kazi za nyumbani zisihesabiwe tena katika alama za mwisho wa mwaka, na asiyekusanya apewe nafasi nyingine badala ya sifuri. Walimu tumegawanyika. Mwalimu wa historia anasema kazi ya nyumbani haipimi akili, inapima nani ana meza na nani ana mtu wa kumpokea mzigo wa nyumbani. Mimi nilikuja juu. Nilisema tutalea wavivu, na kwamba sifuri ni sifuri hata ukiivalisha suti. Wenzangu walicheka, nami nikavimba kichwa.

Mwalimu mkuu hakubishana. Alitutaka kila mmoja achukue daftari lake la alama la mwaka jana, apige hesabu upya, aone nani angefaulu kwa utaratibu huo. Nilikaa nalo Jumamosi asubuhi. Walitokea wanne. Watatu sitakuchosha nao. Wa nne ni binti yako.

Mtihani alipata sabini na nne, Dada. Kazi za nyumbani, sifuri tupu. Jumlisha, gawa kwa mbili: thelathini na saba. Kufaulu ni arobaini, na kwetu asiyefaulu hesabu hapandi darasa. Akaona haya kukaa darasani na watoto wadogo kuliko yeye, akaacha shule, na leo anapiga pasi kwa dobi. Wewe ulimsema kwa uvivu wake, nami nikaitikia.

Sasa nikwambie nililokuficha. Hakuwa mvivu. Alinijia ofisini mara mbili ulipokuwa hujiwezi, akanieleza kwamba akitoka shule anakugeuza kitandani, anakuogesha, anapika, na akishika kalamu macho yanafumba yenyewe. Aliomba wiki moja tu ya kumalizia kazi zake. Mtoto wa mwalimu wa michezo nilikuwa nimempa mbili bila hata kumuuliza sababu. Lakini kwake niliogopa wenzangu waseme nambeba mpwa wangu, nikamjibu kwamba shuleni hana mjomba. Naona haya kuliandika.

Jumatatu nilisimama mkutanoni nikayaeleza hayo mbele ya wote, nikataja na undugu wetu. Mwalimu mkuu amekubali arudi muhula ujao, akitaka mwenyewe.

Jumamosi nakuja. Sikuombi unitetee. Naomba tu, kabla sijafika, umwambie kwamba wewe hukuwa unajua kwa nini kazi zake hazikunifikia. Kwamba mimi nilijua, hilo analo tangu siku ile.

Nisalimie majirani, na ujitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa hesabu