Honi na Kengele

Machi 3

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tu wazima, ila tumefura kwa hasira. Serikali inataka kung'oa njia ya baiskeli, ati magari yapate nafasi. Shemeji yako alisagwa na lori palepale kabla njia haijajengwa, tukaambulia kuokota viatu. Leo mwanangu anapita hapo kila asubuhi kwenda shule, halafu waing'oe? Ng'o! Tunakaa chini barabarani. Jana askari wametutwanga marungu, muuza maziwa kang'oka meno mawili. Mimi nimemng'ata mmoja mkono hadi akamwita mama yake. Usicheke.

Dada yako

Machi 9

Shikamoo dada,

Pole kwa marungu, na huyo askari naye pole yake. Nashindwa hata pa kuanzia. Kampuni imenileta mjini kwako na katapila. Kazi yenyewe ni hiyo njia. Usinitukane kwanza: nikikataa atapewa mwingine, naye hana dada pale. Nikiwa juu sioni kilicho chini ya ndoo ya mbele, ndiyo maana napiga honi mara mbili kabla ya kuishusha. Ukisikia honi, ondoa watu. Nakuomba sana.

Mdogo wako

Machi 10

We mtoto wa mama yangu!

Salamu sina. Nilikubeba mgongoni mama akiwa kazini, ukanikojolea mpaka ukakua, leo unakuja kunibomolea? Piga honi yako. Sisi kila baiskeli ina kengele, na kesho tutazipiga zote mpaka wewe na bosi wako mzibe masikio. Nitakaa mbele kabisa. Shusha hiyo ndoo, tuone!

Dada yako, kwa bahati mbaya

Machi 15

Dada,

Hospitali wamenifukuza mlangoni, kwa hiyo naandika. Honi nilipiga. Nikarudia. Msimamizi akanipungia mkono, shusha. Sikujua kwamba askari walikuwa wanawasukumia kwangu. Nilisikia kitu kimevunjika, nikadhani ni baiskeli. Kisha nikasikia sauti yako.

Watu walinivuta chini, wakanichapa kwa minyororo ya baiskeli. Sikujikinga. Jicho moja halifunguki. Niambie tu, mguu upo?

Mdogo wako

Aprili 2

Mdogo wangu,

Jicho linaendeleaje? Mimi mzima, kasoro mguu wa kushoto. Wameukata juu ya goti. Nimekulaani hadi sauti ikakauka, halafu nikalia kwa ajili ya jicho lako. Honi sikuisikia, wallahi. Kengele zilikuwa nyingi mno.

Bosi wako kaja na karatasi, ati nitie sahihi kwamba nilijirusha mwenyewe. Nimemrushia bakuli la uji usoni.

Sasa sikia. Nusu ya njia bado ipo. Jumatatu wanarudi na dereva mwingine. Wenzangu watakaa tena, safari hii kimya, bila kengele hata moja. Nami lazima niwepo, mwanangu bado anapita hapo. Ila kufika siwezi.

Matunda ya mgonjwa usilete. Lete mgongo.

Dada yako