Koili ya Moto Asubuhi ya Baridi

Alhamisi, Embu mjini.

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuuma masikio. Niko kwa shangazi wa mume wangu Salim, nimejifunika blanketi, mtoto amelala kifuani. Mikono inanuka petroli. Nimeinawa kwa sabuni mara mbili, wapi!

Wacha niandike jinsi siku ya leo ilivyotaka kuniponyoka.

Karatasi ya ruhusa ilisema leo tu. Niingie kijijini Kianjokoma, nimwone mama, nitoke kabla ya saa kumi. Alinikataza kuolewa na dereva Mwislamu wa Majengo, nikamjibu vibaya, nikamfuata Salim huko Meru. Kisha Hali ya Hatari ya mkoloni ikafunga njia, watu wakatolewa mashambani na kuzungushiwa handaki na miiba. Mwaka na nusu sikumtia mama machoni. Zuhura ana miezi minne, bibi yake hajawahi kumshika. Na salamu zilizonifikia zilisema mama anaumwa kifua, hata kuteka maji hawezi.

Lori la Salim nalo likaamua kufa wiki hii hii!

Jumanne asubuhi stata ililia tki, basi. Salim akasafisha vichwa vya betri, akaongeza maji. Fundi akaichaji, akasema ni nzima. Jumatano, kimya tena. Fundi akafungua dinamo inayochaji betri, akaisugua, akaapa haina kosa. Betri inalala na moto, inaamka haina. Salim akaanza kunong'ona habari za jirani mwenye husuda. Nikamwambia husuda hainywi umeme.

Leo alfajiri, kimya. Jamani, nililia pale pale uwanjani mbele ya kituo cha polisi cha Meru, mtoto mgongoni. Hendeli ya kuzungushia injini ilishachukuliwa na askari, eti ni silaha.

Salim akafungua boneti, nikamshikia tochi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikaegemeza mkono kwenye chuma chochote kilicho karibu. Injini, barafu. Betri, barafu. Lakini ile koili, kile kikopo kinachopeleka moto kwenye plagi, ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa. Gari lililolala usiku kucha, joto linatoka wapi?

"Salim, jana ulizima swichi?"

"Nizime nini, na injini yenyewe haikuwaka?"

Loo! Nikaelewa yote mara moja.

Kila jioni kabla ya kafyu madereva hutoa rota, kile kipande kidogo ambacho bila hicho injini haiwaki, wakaikabidhi kituoni ili watu wa msituni wasiibe magari, na asubuhi hurudishiwa. Tangu Jumatatu yupo homgadi mpya, mgambo wa serikali asiyeamini mtu. Akishapokea rota anaamuru, "Haya, washa nione!" Salim anafungua swichi, anabonyeza stata, injini inazunguka bila kuwaka, homgadi anaridhika. Salim anatimua mbio nyumbani kafyu isimkute. Swichi ameiacha wazi! Injini ikinguruma utakumbuka kuizima, lakini iliyonyamaza nani ataizima? Na koili inanyonya betri mpaka asubuhi.

Nilitaka kumrukia. Nikautazama uso wake, mdomo wazi kama mtoto aliyemwaga uji, nikacheka huku machozi yanatoka. Nampenda mjinga huyu.

Ikabaki kusukuma mpaka mteremkoni. Lakini siku hizi watu zaidi ya watano wakikusanyika ni kesi, kwa hiyo walikubali kuja wachinjaji watatu tu wa bucha ya jirani. Salim kwenye usukani. Mtu wa tano ni mimi. Nikamgeukia homgadi yule yule, nikamfungulia leso, nikamwambia, "Shika mtoto."

Akashika. Bunduki begani, Zuhura mkononi.

Nilisukuma mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Lori likakohoa mara mbili, likawaka. Niliporudi nilimkuta homgadi anamwimbia mwanangu kwa Kimeru. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote, sasa sijui nifanyeje.

Tulifika Kianjokoma saa tisa imeshapita. Salim alibaki kwenye geti la kijiji, mguu kwenye mafuta, akiogopa kuzima. Nikamkuta mama ameketi mlangoni pa kibanda, mabega yamekwisha. Maneno niliyoyapanga mwaka mzima yalipotea, likatoka moja tu. Nisamehe. Alimchukua Zuhura, akamnusa utosi, akafumba macho.

Kisha akauliza kwa Kiembu, ni nini kinachonguruma huko nje? Nikamwambia ni mume wangu, anaogopa gari likizimwa halitawaka.

Akachukua fimbo. Kwetu mama mkwe na mkwe hawakaribiani ovyo, kuna heshima yake, na huyu mkwe, mama hakuwahi hata kulitamka jina lake. Alitembea polepole na mtoto kifuani mpaka kwenye mlango wa lori. Akasema, nami nikatafsiri:

"Mwanangu, zima hicho kitu ushuke nikusalimie."

Salim akanitazama. Zilibaki dakika ishirini. Lisingewaka, saa kumi ingetukuta getini na sote tungelala ndani.

Akazima.

Akashuka, akavua kofia, akainama. Mama akampa mkono, akamkagua juu mpaka chini. "Ndiye huyu tu? Mimi nilidhani umeolewa na jitu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Salim ndiye aliyemshika asianguke.

Gari liliwaka mara ya kwanza, alhamdulillahi. Lakini kikohozi kile nimekisikia, na mfupa wa mkono wake nimeushika. Sijidanganyi.

Jumatatu nitapanga foleni ofisini kuomba karatasi nyingine. Wakinikatalia, nitarudi Jumanne.