Sayari ya Kukhu Nabwire

Malaba, 4 Machi 1996

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, kidonda cha opareshoni kimefunga kabisa.

Hapa ofisini, ninapopiga chapa karatasi za malori, bosi wangu Mama Anyait ameleta kompyuta, na ndani yake kuna mchezo. Saa ya chakula ni wangu. Unapewa chombo cha kuruka angani, basi. Hakuna adui, hakuna mshindi, hakuna mwisho. Unatua kwenye sayari, unakuta mlango wenye maandishi ya watu waliohama, unalinganisha herufi na herufi mpaka ufunguke. Mmoja ulinichukua siku tisa! Nilipiga kelele madereva wakachungulia dirishani. Tangu Obuya anirudishe nyumbani kwa kukosa mtoto, kila mtu ananiambia pa kwenda. Humo hakuna wa kuniambia.

Ukifika wa kwanza, unaipa sayari jina. Yangu ina usiku mrefu na bahari mbili. Nimeiita Nabwire, jina la kukhu, mama yako.

Binti yako,
Selpha

Busibwabo, 19 Machi 1996

Kwa Selpha,

Salamu. Mguu ni ule ule. Barua yako imenichoma.

Jina la mama yangu si la kutiwa kwenye sanduku la umeme. Wewe ulizaliwa akiwa hai, ndiyo maana hukulipata. Jina la marehemu hupewa mtoto mwenye damu, anayelia mpaka aitwe, kisha ananyamaza. Mimi ndiye mkubwa wa boma. Jina linaanzia kwangu, na mtoto niliye naye ni wewe tu. Linangoja. Kuna mhubiri Rukala anaombea matumbo. Lifute hilo jina, uje nikupeleke. Usipolifuta, usinikanyagie boma.

Ni mimi Baba yako

Malaba, 2 Aprili 1996

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nimekasirika na sitaficha.

Silifuti. Ulikuwa pale hospitalini, ulimsikia daktari. Tumbo la uzazi halikufungwa, Baba, limetolewa. Mhubiri ataombea nini? Mnasema ningoje. Ningoje nini?

Unadhani nacheza kwa kukosa kazi. Jana nilitembea huko Nabwire nikapata bonde ambalo halikuwa kwenye ramani yangu. Kila nikiingia sijui nitakuta nini, na kutojua huko kunanifurahisha. Sikuwa nimefurahi tangu opareshoni. Hapa dirishani malori yanakaa wiki nzima yakingoja muhuri. Mimi nimechoka kungoja.

Kama bomani sikanyagi, sawa.

Binti yako, utake usitake,
Selpha

Malaba, 15 Julai 1996

Baba,

Natumaini u mzima. Hujajibu. Mlango wa tano umefunguka. Jina bado lipo.

Binti yako,
Selpha

Busibwabo, 25 Novemba 1996

Mwanangu Selpha,

Naomba barua hii ikukute na afya njema. Mguu umepata nafuu, natembea na fimbo.

Mke wa Quinton, mtoto wa mdogo wangu Wandera, amejifungua msichana. Alilia siku nne. Jumamosi wakaniita, wazee wote wamekaa. Wandera akasema, “Mzee, kwako hakuna mtu tena. Achilia Nabwire akuje huku kwetu.”

Hakuna mtu! Na mimi nimekaa pale, nina mtoto.

Nikamwambia, “Hiyo jina imeshachukuliwa. Iko na mwenyewe.”

“Nani amemzaa?”

“Selpha.”

Wakatazamana. Mtoto wakampa jina la shangazi yake marehemu, akanyamaza. Wandera hasemi nami tangu siku hiyo. Asiseme.

Sasa shida ni moja. Waliniuliza huyo Nabwire anakaa wapi na anafanana na nani, nikababaika mbele za watu. Krismasi watauliza tena. Njoo nyumbani unieleze vizuri, maana sitaki kushindwa na Wandera kwa habari za mjukuu wangu mwenyewe.

Ni mimi Baba yako