Madaftari ya Mzee Ntabaye

Maktaba, Kigoma

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Muheza, wewe na shemeji, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Je, Mama anaweza kutembea mpaka kisimani sasa, au mguu bado unavimba? Mimi mwili wangu mzima. Nasema mwili tu, dada, na wewe peke yako ndiye ninayeweza kumwandikia mengine.

Umeuliza mbona nimenyamaza muda wote huu. Nilikuandikia zamani kwamba hapa maktaba tulianzisha mazungumzo ya Jumamosi alasiri. Wazee wa Ujiji walikuja kueleza mitaa yao ilivyopata majina. Akina mama wa Kibirizi, ambao wazazi wao walivuka ziwa kutoka Kongo, walituimbia nyimbo za harusi za kwao. Mimi nilipanga viti na kuandika yaliyosemwa. Niliipenda kazi hii kuliko kitu chochote.

Ndipo akaja Mzee Ntabaye. Ni Muha wa vilima vya huko ndani, ukishapita Kidahwe. Ujanani alikuwa manamba kwetu Tanga, kama wale tuliokuwa tukiwaona wakikata mkonge, na kuandika alijifunzia huko kambini. Aliporudi kwao akaanza kuwaendea vikongwe waliokuwa bado hai, akiandika waliyomweleza: koo zilitoka wapi, kila kilima kinaitwaje na kwa nini, dawa, nyimbo, ukurasa mmoja Kiha na wa pili Kiswahili. Alijaza madaftari tisa ya shule.

Aliniletea moja kunionyesha. Nililisoma nimesimama, nikasahau watu waliokuwa wakisubiri vitabu. Nikamwomba aje Jumamosi asome mbele ya wote.

"Mwanangu," akasema, "kwetu kuna maneno ya kuhama. Tutapelekwa kijiji kipya kando ya barabara, siku hatujaambiwa. Acha nihame kwanza, nije nimetulia."

Nikamjibu, "Mzee, nimeshabandika matangazo mpaka Buzebazeba. Ni siku moja tu."

Haikuwa kweli, dada. Matangazo nilikuwa bado nayaandika. Niliogopa tu kwamba akiondoka hatarudi. Naye, kwa heshima yake, akakubali.

Alikuja na daftari moja, la tatu, kwa sababu mawingu ya mvua yalikuwa yametanda na hakutaka yote yalowe. Watu walijaa mpaka madirishani. Alipotaja kilima kimoja, mama muuza dagaa wa Kibirizi akasimama.

"Mzee, hilo jina bibi yangu alikuwa akilitaja akiwa mgonjwa. Tulidhani anaweweseka! Kumbe ni mahali?"

Mzee akavua kofia. "Ni mahali, mama. Nimechunga mbuzi pale."

Yule mama akalia mbele za watu, nasi tukamwacha alie. Mazungumzo yalipokwisha basi lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo Mzee akalala kwa mwalimu mmoja hapa mtaa wa Mwanga.

Siku hiyohiyo malori ya serikali ya kuhamisha watu yalifika kwao. Mkewe, Bibi Anastazia, alikuwa peke yake, na aliambiwa afanye haraka. Akachukua mbegu za mahindi, mablanketi, chungu na kuku wake. Madaftari yalikuwa kwenye kasha juu darini, yasifikiwe na mchwa. Yeye hajui kusoma, na hakuwapo wa kumkumbusha. Malori yalipoondoka nyumba zikachomwa, watu wasije wakarudi. Aliyechoma simjui. Kila niliyemuuliza anasema hakuwepo.

Jumanne Mzee akaja maktaba, nguo zinanuka moshi. Akaweka lile daftari la tatu mezani.

"Litunze wewe. Mimi sina pa kuliweka."

Nikamwambia anisimulie upya, nitaandika yote hata ikichukua mwaka. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeunguliwa.

"Walionieleza wamekufa wote," akasema. "Na mimi niliandika ili nipate kusahau, mwanangu. Kichwa kilikuwa kimenielemea."

Nilipeleka taarifa ya Jumamosi ile kama kawaida. Wakubwa wakaniletea barua ya pongezi kwa wingi wa watu. Sikuweza kuimaliza.

Wiki iliyopita nilikwenda kijiji kipya. Nilimkuta Mzee anafyatua matofali ya nyumba yao, kando ya kibanda wanachokaa kwa sasa. Bibi Anastazia alinipokea vizuri, akanipa viazi. Akaniambia, "Hajanilaumu hata siku moja. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Mbegu ningeziacha, kama ningejua."

Nikaweka kiazi chini. Alipokwenda kuteka maji nikamfuata Mzee nikamwambia kwamba matangazo yalikuwa bado kubandikwa, kwamba nilimdanganya. Akajaza udongo kwenye kibao cha kufyatulia, akausawazisha, akautoa, akajaza mwingine.

"Nilijua," akasema. "Karatasi zilikuwa mezani kwako, wino haujakauka. Lakini nami nilitaka watu wanisikie."

Bibi Anastazia alikuwa ameshafika nyuma yetu na ndoo kichwani, na alikuwa amesikia. Akaitua chini. Kisha akaingia kibandani akafunga mlango. Mzee akamwita mara mbili. Mpaka nilipopata lori la kurudi mlango ule ulikuwa haujafunguliwa.

Dada, Jumamosi hatukutani tena. Watu wanauliza, nasema mimi mgonjwa. Daftari lililobaki linaanzia katikati ya sentensi na kuishia katikati ya sentensi. Nimejaribu kulinakili, nikaishia mstari wa kwanza. Nimeomba uhamisho, sijajibiwa, na hata nikijibiwa sijui ninataka kwenda wapi.

Mama mwambie kazi ni nyingi, basi. Nisalimie shemeji, na mjomba fundi cherehani, na shangazi anayemwuguza Mama, na jirani yetu mkunga. Watoto wako wabusu kwa niaba yangu. Nawe ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili, hata kama ni ya kunikemea.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Mwanahawa