Shangazi, Supu na Jicho la Doa

Wanqing, samaki aking'olewa jicho, je, anaweza kuishi? Sijui. Sijui kabisa.

Shangazi Peilan alinunua sokoni samaki kichwa-nyoka aliye hai, wa supu ya kuponya mshono wa binamu yangu aliyetoka kupasuliwa. Akamhifadhi ndani ya tangi langu mpaka saa ya kupika. Ndani ya tangi langu!

Unajua nilivyotafuta miezi minne wenzake wanaomfaa Doa, kichwa-nyoka wangu ninayemfuga: kambale wawili wakubwa wenye ngozi ngumu, basi. Kichwa-nyoka mwingine ni vita.

Nimerudi kutoka chuoni nikakuta maji mekundu na Doa hana jicho.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimemletea mwenzake, we mtoto. Si ndugu hao?"

Ndugu!

"Tena huyo chongo wako atakufa tu. Wote wawili sufuriani, binamu yako apone upesi."

Akacheka. Wanqing, alicheka, na mama akacheka naye!

Nilisimama mbele ya jiko nikawaambia wote: "Supu hiyo sitaionja. Kesho asubuhi ninahamia kwa Wanqing, na Doa ninaondoka naye."