Funksheni Isiyo na Tarehe

Jumatano, usiku

Swali ni "lini" tu, na jibu sina.

Mama Igoki alikuja ofisini na nyanya zilizonyauka, akamwaga ndoo nzima juu ya meza yangu. Shamba lake hapa Manyatta limerukwa kwenye zamu ya maji. Nikafungua databesi ya mradi wetu wa maji. Ni kweli, ile funksheni, yaani kipande cha programu kinachopanga zamu, imebadilishwa, na mashamba ya mwisho wa bomba yametolewa.

Mwenyekiti wa kamati ya mradi akauliza, "Ilibadilishwa lini?" Nimetafuta mchana kutwa. Databesi inajua siku kila mkulima alipojiunga na mradi wetu, lakini funksheni yenyewe haina tarehe. Na ofisini sote tulikuwa tunaingia kwa paswadi moja.

Kama ni kabla Njeru, mwenzangu wa ofisini, hajaacha kazi, basi ni yeye. Kama ni baadaye ni mimi, maana nilibaki peke yangu. Mungu wangu, sikumbuki kuigusa. Lakini nani ataniamini?

"Mimi najua siku nyanya zangu zilikauka," Mama Igoki alisema. "Wewe na kompyuta yako mnajua nini?"

Jioni nikajiwekea paswadi yangu mwenyewe, kisha nikaweka jedwali la kunasa kila badiliko, tarehe na jina la aliyelifanya, ili balaa hili lisirudi. Halafu nikarekebisha funksheni ili Mama apate maji. Nikaona nimefanya la maana.

Sasa niko kitandani na usingizi umekataa. Kesho kamati italifungua jedwali hilo. Lina tarehe moja tu, ya leo, na jina ni langu.